Mzani Ulipogoma

Mwaka 1958 daktari mmoja wa Brooklyn, jijini New York, aitwaye Max Wishnofsky, alichapisha makala kujibu swali linaloonekana dogo: ratili moja ya unene ina kalori ngapi? Alipitia majaribio ya wenzake, akapiga hesabu, akafika kwenye 3,500. Ukigeuza kuwa kilo ni kama 7,700. (Kalori ninazozitaja humu ni zile za kwenye pakiti ya biskuti, ambazo wanasayansi huziita kilokalori.) Kutokana na namba hiyo ikazaliwa kanuni ambayo mpaka leo inatembea duniani bila pasipoti: punguza kalori 500 kila siku, utapungua nusu kilo kila wiki.

Kanuni hiyo ilimkuta shangazi yangu Ikungi, mkoani Singida, kwenye karatasi ya fotokopi iliyofifia pembeni. Alikuwa na miaka 54, ana sukari, na alikuwa amejiunga na kikundi cha wagonjwa wa sukari na presha kinachokutana mara moja kwa mwezi kwenye kituo kimoja cha afya. Alianza na kilo 92. Akaacha soda, akaacha maandazi ya asubuhi, ugali akaupunguza nusu. Mwezi wa sita mzani ukasoma 84. Mwezi wa saba 84. Wa nane 84 na nusu. Wa tisa 84.

“Mama, mzani haudanganyi,” muuguzi alimwambia mbele ya wenzake. “Wewe mwenyewe unajua usiku unakula nini.”

Shangazi hakujibu. Alichukua mkoba wake, akatoka, hakurudi. Na kwa kuwa vidonge vyake alikuwa akivichukua siku hiyohiyo ya kikundi, aliacha kikundi na vidonge kwa pamoja. Tulikuja kujua baada ya miezi minne. Bibi, mama yake mzazi, alikatwa mguu kwa sukari, kwa hiyo nyumbani kwetu habari hii haikupokelewa kama habari ya urembo.

Nimesomea historia, si udaktari. Lakini maneno ya yule muuguzi yana historia ndefu, na hiyo ndiyo niliyoifuatilia. Nani alitufundisha kwamba mwili ukiacha kupungua, basi mwenye mwili anaiba chakula?

Tuanze na hesabu yenyewe, maana inajipinga. Kalori 500 kwa siku ni 182,500 kwa mwaka. Gawanya kwa 7,700, unapata karibu kilo 24. Miaka miwili, kilo 47. Miaka mitatu, 71. Shangazi aliyeanza na kilo 92 angefika kilo 21 mwaka wa tatu, uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, na kabla mwaka wa nne haujaisha angekuwa ametoweka kabisa, nguo zimebaki kitini. Kila mtu anajua hilo haliwezekani. Hata hivyo kanuni ilinakiliwa kwenye vitabu vya afya kwa zaidi ya miaka 50, kwa sababu ni nyepesi kukumbuka na inatoa ahadi. Wishnofsky simlaumu sana. Aliuliza ratili ya unene ina nishati kiasi gani, na kwa swali hilo alijibu vizuri. Waliokuja baadaye ndio walioichukua bei ya kitu kimoja sokoni wakaifanya kuwa bajeti ya nyumba nzima.

Kinachoshangaza ni kwamba mwaka 1958 jibu sahihi zaidi lilikuwa tayari limechapishwa, kwenye kitabu kikubwa cha juzuu mbili, na lilitoka kwenye njaa.

Novemba 1944, vita ikiwa bado inaendelea, vijana 36 wa Kimarekani waliokataa kushika silaha kwa sababu za dhamira waliingia chini ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwanafiziolojia Ancel Keys alikuwa na swali la dharura: Ulaya itakapokombolewa, watu waliokonda kwa njaa walishweje? Ili kujua, ilibidi kwanza akondeshe watu. Kuanzia Februari 1945, kwa wiki 24, vijana wale walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea: mkate, viazi, kabichi, makaroni, milo miwili kwa siku. Walitakiwa kupoteza takriban robo ya uzito wao, na wakapoteza.

Lakini kadiri walivyopungua, miili ilibana matumizi. Mapigo ya moyo yakashuka. Walihisi baridi kiangazi. Nishati inayotumika mtu akiwa amelala kimya ilishuka kwa karibu asilimia 40, zaidi ya ambavyo udogo wa mwili peke yake ungeeleza. Kupungua kukawa kwa kusuasua hadi kukaribia kusimama, ingawa chakula kilikuwa bado cha njaa. Na akili nazo ziligeuka. Vijana waliokuwa wakijadili falsafa wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi, wanalamba sahani, wanaota chakula. Baada ya jaribio kwisha wengine walikula kwa wiki nyingi bila kusikia kushiba, na mafuta ya mwili yakarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Keys alichapisha yote mwaka 1950. Miaka minane kabla ya Wishnofsky.

Kwetu katikati ya nchi mambo haya hayakuhitaji maabara. Majirani zetu Wagogo wanaikumbuka njaa ya 1917 hadi 1920 kwa jina la Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakata. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria kwamba Ugogo peke yake ilipoteza watu 30,000 kati ya 150,000. Ukitoka Dodoma kwa barabara ya lami, unapita Manyoni, unapanda, unaingia Ikungi kabla ya kufika Singida mjini. Ardhi ni ileile kavu, mvua ni ileile ya kubahatisha, uwele na mtama ni walewale.

Kuna watu wakisikia hadithi ya njaa hukimbilia nadharia ya James Neel, aliyependekeza mwaka 1962 kwamba jamii zilizopitia njaa nyingi zilichagua kizazi baada ya kizazi jeni za ubahili, na leo jeni hizo zinatunenepesha. Ni nadharia tamu, na nadhani ni tamu mno. Imebishaniwa kwa miaka 60, na haisemi kwa nini binamu yangu wa Ikungi ni mwembamba na dada yake si mwembamba. Isitoshe, vijana wa Minnesota hawakuwa Wagogo. Ubahili ule upo katika mwili wa kila binadamu.

Mimi napenda zaidi picha aliyoichora, bila kukusudia, mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyeishi kwa Wanyaturu na kuchapisha kitabu juu ya uchumi wao mwaka 1970. Alieleza jinsi Mnyaturu anavyogeuza nafaka ya ziada kuwa ng'ombe. Nafaka huoza na kuliwa na wadudu. Ng'ombe anatembea, anazaa, anangoja. Sasa fikiria familia ambayo mwaka wa ukame imeanza kuuza ng'ombe. Hakuna mzee mwenye akili anayeuza mmoja kila wiki kwa kasi ileile mpaka zizi libaki tupu. Akifika katikati anasimamisha harusi, anapunguza wageni, anawatuma vijana kutafuta vibarua. Anabana matumizi na anahangaikia mapato. Mwili hufanya hivyohivyo, yote mawili kwa pamoja. Hesabu ya zizi huletwa na homoni iitwayo leptini, ambayo kundi la Jeffrey Friedman huko New York liliitambua mwaka 1994: mafuta ya mwili huitoa, na ubongo huisoma kama mchungaji anayehesabu mifugo jioni. Ikipungua, ubongo hauulizi kama ni Mtunya au ni ushauri wa daktari.

*

Pamoja na kupunguza chakula, shangazi aliambiwa afanye mazoezi. Wakati huo hata serikali ilikuwa imehamasika: mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi kwa nchi nzima. Sina ugomvi na jambo hilo. Ila nilicheka kidogo nikimfikiria mwanamke anayepalilia ekari mbili za alizeti kwa jembe la mkono akiambiwa akimbie mchakamchaka ili atumie nishati.

Jibu la kwa nini mchakamchaka haukuusogeza mzani lilipatikana karibu na nyumbani kuliko yeyote aliyekuwa kwenye kile kikundi alivyojua. Ukienda kaskazini kutoka Ikungi, ukavuka Singida mjini ukaingia Mkalama, unakaribia bonde la Ziwa Eyasi, nchi ya Wahadzabe. Huko, Herman Pontzer na wenzake, pamoja na mwanaakiolojia Mtanzania Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipima kitu ambacho hakikuwahi kupimwa kwa wawindaji: ni nishati kiasi gani hasa wanatumia kwa siku.

Njia yenyewe ni ya ajabu. Unampa mtu maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito kidogo kuliko za kawaida, hayana madhara wala ladha, kisha kwa siku kadhaa unachukua mkojo wake. Kwa kulinganisha kasi ya alama hizo mbili kuondoka mwilini unajua ametoa kaboni dayoksaidi kiasi gani, na hivyo amechoma nishati kiasi gani. Mtu anaendelea na maisha yake. Njia hiyo iligunduliwa na Nathan Lifson, tena katika Chuo Kikuu kilekile cha Minnesota, miaka ya 1950, kwanza kwa panya. Ilichukua hadi 1982 kutumika kwa binadamu.

Wahadzabe 30 walishiriki, wanaume 13 na wanawake 17. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 na zaidi kwa siku, wanawake karibu 6, wakichimba mizizi kwenye ardhi ngumu. Kila mtu alitegemea matumizi yao yawe makubwa mno. Matokeo, yaliyochapishwa 2012, yalikuwa hivi: wanaume walitumia takriban kalori 2,600 kwa siku, wanawake takriban 1,900. Ukizingatia ukubwa wa miili, ni sawa na watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa ofisini.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudia sentensi hiyo. Anayefuatilia nyumbu siku nzima na anayefuatilia barua pepe siku nzima wanachoma karibu kiasi kilekile.

Pontzer hakuishia hapo. Mwaka 2016, akitumia vipimo vya watu wazima 332 kutoka Ghana, Afrika Kusini, Shelisheli, Jamaika na Marekani, alionyesha kwamba matumizi ya nishati hupanda mtu akitoka kwenye kukaa tu hadi kujishughulisha kiasi, kisha mstari unalala. Ukiongeza kazi zaidi, mwili hupunguza kwingine, kwenye matumizi yasiyoonekana. Wataalamu wanaendelea kubishana ukubwa wa fidia hiyo, na haiko sawa kwa kila mtu. Ubishi huo hauwezi kufuta kilichopimwa Eyasi. Wala mazoezi si bure: mioyo na mishipa ya Wahadzabe ni mizuri hadi uzeeni, na kwa mwenye sukari kutembea kunasaidia kuishusha hata kama mzani haujasogea gramu moja. Kosa ni kumpima kwa mzani faida ambayo haikai kwenye mzani.

*

Kufikia hapa ungesema kesi imekwisha: mwili ulibana matumizi, shangazi akakwama. Mimi pia niliandika hivyo kwenye daftari. Tatizo ni kwamba tarehe hazikubaliani.

Mwaka 2011 Kevin Hall, mwanahisabati wa mwili katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alichapisha na wenzake hesabu mpya ya kuchukua nafasi ya ile ya 3,500. Humo mwili unabana matumizi kadiri unavyopungua, kama ulivyobana kule Minnesota. Kwa kukadiria tu: kila kalori 10 unazopunguza kwa siku, ukizipunguza daima, mwishowe huleta upungufu wa kama nusu kilo. Nusu ya safari hiyo huchukua mwaka mmoja, na karibu safari nzima huchukua miaka mitatu. Maana yake ni kwamba mtu anayeshikilia mpango wake barabara angeendelea kupungua polepole mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Lakini katika programu karibu zote za kubadili mienendo, iwe Boston au Ikungi, mstari husimama kati ya mwezi wa sita na wa nane. Mapema mno kuwa kazi ya kubana matumizi peke yake. Mwaka 2014 mwanahisabati mwingine, Diana Thomas, alipiga hesabu hiyo na wenzake wakafikia hitimisho lililokuwa chungu kwangu: watu hukwama mapema kwa sababu chakula kimeanza kurudi, leo kidogo, kesho kidogo.

Kwa hiyo muuguzi alikuwa na haki?

Hapa ndipo inabidi kwenda polepole. Kuna dawa ya sukari iitwayo kanagliflozini ambayo hufanya glukosi itoke na mkojo. Kila siku mgonjwa anapoteza kalori mia tatu na kitu bila kuhisi lolote. Hajala kidogo, hajakimbia, mkojo tu umebeba sukari. Katika majaribio hata hajui kama amepewa dawa au kidonge kitupu. Yaani ni mtu anayenyang'anywa nishati bila yeye kujua, hana mpango wa kuvunja, hana nidhamu ya kulegea, hana cha kuungama. Hall na wenzake walichukua data za mwaka mzima za wagonjwa hawa na kukokotoa walikula kiasi gani. Walipungua miezi ya mwanzo, halafu uzito ukasimama, kwa sababu walikuwa wameanza kula zaidi bila mtu kuwaambia. Makadirio yaliyochapishwa 2016 ni haya: kwa kila kilo iliyopotea, hamu ya chakula iliongezeka kwa kama kalori 100 kwa siku. Kubana matumizi, kwa kulinganisha, ni kalori 20 hadi 30 kwa kila kilo.

Weka namba za shangazi humo, ukikumbuka kwamba ni wastani wa kundi na si kipimo chake binafsi. Kilo nane zilizopotea: mwili wake unachoma kama kalori 200 pungufu. Na tumbo linadai kama kalori 800 zaidi ya lilivyokuwa likidai zamani. Mwezi wa kwanza alipoacha soda na maandazi na nusu ya ugali, alikuwa akipambana na hamu ya kawaida. Mwezi wa nane, akipambana kwa nguvu zilezile, kwa maumivu yaleyale au zaidi, anakula karibu alichokuwa akila mwanzo. Hali mbili zinakuwa kweli kwa wakati mmoja: chakula kimerudi, na juhudi haijapungua. Muuguzi aliona ya kwanza. Shangazi alikuwa akiishi ya pili. Hakuna kati yao aliyekuwa anadanganya, na hakuna kati yao aliyekuwa na maneno ya kumweleza mwenzake.

Nilimuuliza shangazi baadaye, tukiwa tunachambua mlenda. “Hivi shangazi, ulikuwa unakula usiku?”

“Mwanangu,” alisema, “nilikuwa nalala nikiwaza chakula kama msichana anayewaza mchumba. Siku nyingine niliamka nikala kipande cha kiazi. Siku nyingi sikula. Ile ya kuwaza haikuandikwa popote.”

Naichukua sentensi yake ya mwisho kama ushahidi wa kihistoria. Hawa jamaa wa Minnesota kuwaza kwao kuliandikwa, kukachapishwa, kwa sababu walikuwa wembamba na walikuwa wahanga wa sayansi. Mtu mnene akiwaza chakula tunaita ulafi. Homoni hazijui tofauti hiyo: utafiti wa Australia uliochapishwa 2011 ulifuatilia watu 50 waliopunguza uzito kwa wiki kumi, na mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado zinawasukuma kula.

*

Programu za kubadili mienendo nazo zina kwao. Mwaka 1959 Albert Stunkard na Mavis McLaren-Hume walipitia matokeo ya tiba za unene za miaka 30, wakayakuta duni kiasi cha kukatisha tamaa. Mwaka 1967 mwanasaikolojia Richard Stuart akaleta matumaini: wanawake wanane, mwaka mmoja, kila mmoja amepungua kati ya kilo 12 na 21. Mbinu zake zilitoka kwenye saikolojia ya mazoea. Kula mezani tu. Weka kijiko chini kati ya tonge na tonge. Andika kila unachokula. Usile ukifanya jambo lingine. Wanawake wanane ni wachache mno, lakini dunia iliwapenda, na nusu ya maelekezo ya ile fotokopi ya Ikungi ni wajukuu wa makala ile.

Na hapo ndipo ninapoona uzembe wa kweli, kuliko kwenye hesabu. Meza ipi? Kwa shangazi chakula hukaa kwenye sinia, ugali katikati, mlenda na maziwa pembeni, mikono mitano inaingia. Huwezi kuhesabu matonge yako bila kuonekana unahesabu ya wenzako. Mwezi wa tano na wa sita mavuno yakiingia, kila nyumba unayopita unakaribishwa, na mtu wa rika lake akikataa anaulizwa kama ana kinyongo. Msibani ndiyo usiseme. Kisha kuanzia Januari hadi Machi ghala linakauka na nusu ya kijiji inapungua bila programu yoyote. Shangazi alijiunga na kikundi Desemba. Mimi nilipozichora namba zake kwenye karatasi niliona kilo zake nyingi zilikwenda katika miezi ambayo hata wembamba hukonda, na mzani uligoma mavuno yalipoingia. Homoni peke yake hazihitaji msaada huo, lakini waliupata. Hakuna aliyemuuliza ni mwezi gani.

Inafaa kukumbuka jinsi suala hili lilivyo jipya kwetu. Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipopima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapisha mwaka 1989, wenye kisukari hawakufika asilimia 1. Katika tafiti za taifa za afya na demografia, wanawake wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 18 mwaka 2004–05, asilimia 22 mwaka 2010, asilimia 28 mwaka 2015–16. Kwa kasi hiyo hakuna wa kulaumu kwa kuazima fotokopi. Mwalimu wa muuguzi na muuguzi mwenyewe walifundishwa utapiamlo na malaria.

Ila wakati tunaazima tungeazima na ukurasa wa pili. Programu mama, iliyokuwa kipimo cha nyingine zote, ni ile ya Marekani ya kuzuia kisukari iliyotoa matokeo yake 2002. Watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari waligawanywa makundi. Waliofundishwa mienendo walipewa masomo 16 katika wiki 24. Lengo la uzito lilikuwa asilimia 7. Si 20, si kurudi mwili wa usichana. Nusu yao walilifikia masomo yalipokwisha, na wakati wa kipimo cha mwisho walioshikilia walikuwa asilimia 38. Wastani wa uzito uliopungua ulikuwa kilo 5.6 tu. Nao pia walikwama, nao pia wakaanza kupanda. Na bado uwezekano wao wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58.

Programu nyingine, Look AHEAD, iliyowafuatilia watu 5,145 ambao tayari wana kisukari, ilipunguza asilimia 8.6 mwaka wa kwanza na kubaki na asilimia 6 karibu miaka kumi baadaye. Ilisimamishwa 2012 kwa sababu haikupunguza mshtuko wa moyo kama ilivyotarajiwa, lazima niliseme hilo, ingawa sukari ilishuka na watu walihitaji dawa chache zaidi.

Kilo 8 kati ya 92 ni asilimia 8.7. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili kwenye simu, kisha nikampa shangazi aione. Kwa kipimo cha wale walioitunga programu, alivuka mstari wa ushindi mwezi wa sita, na miezi mitatu iliyofuata alikuwa akifanya lile ambalo wengi wao walishindwa: kubaki palepale. Kwenye daftari la kikundi, miezi hiyo mitatu imewekewa alama ya mshale unaolala na neno “hafuati”.

“Kwa hiyo walinifelisha mtihani niliopata A,” alisema. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu kwa sababu ya magoti.

Sasa anachukua dawa kwenye kituo kingine, anaenda na daladala asubuhi ya Jumanne. Mara ya kwanza alipopanda mzani wa huko, baada ya miezi minne bila vidonge, ulisoma 88, na sukari ya kabla ya kula ilikuwa juu mno. Muuguzi wa pale, kijana tu, aliuliza uzito mkubwa aliowahi kuwa nao ni upi. Akaandika 92 juu ya ukurasa, akapigia mstari, akaandika 88 chini yake. Akamuuliza pia kama siku hizi njaa inamsumbua usiku, naye akamweleza.